Iringa hadi Tukuyu, na Roketi Isiyoondoka

Jumapili 28 Agosti 2022, Iringa

Baba mkubwa amesema tunaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Ninavyomjua, tutaondoka saa moja.

Yeye ni fundi majokofu. Ya nyumbani anayatengeneza pia, lakini mkate wake ni matenki ya kupozea maziwa, yale ya chuma kisichoshika kutu yanayokaa kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Wiki hii ana kazi mbili, moja Njombe na nyingine Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Kijana wake wa kazi kafiwa, kaenda kwao. Mimi niko likizo, nasoma fizikia Mbeya, nikajitolea kubeba spana kwa sharti moja: penye mtandao aniache nifuatilie roketi.

"Roketi ya nani?"

"Ya Wamarekani, baba mkubwa. Inarushwa kesho kwenda mwezini."

"Si walishaenda hao?"

"Mara ya mwisho watu walifika Desemba 1972."

"Mwaka niliozaliwa." Akaendelea kupanga spana zake kwa ukubwa kwenye kile kisanduku chekundu. "Na wewe unataka kuniambia wamekaa miaka hamsini hawajarudi, halafu wanarudi siku ninayokwenda Njombe."

Nikamweleza. Roketi inaitwa SLS, ina urefu wa mita 98, karibu uwanja mzima wa mpira ukiusimamisha wima. Safari yenyewe inaitwa Artemis 1. Juu kimewekwa chombo cha Orion kitakachozunguka mwezi na kurudi. Ndani hakuna mtu, kuna sanamu aliyevishwa nguo za rubani, na wamempa jina: Kamanda Campos. Baba mkubwa alicheka hapo kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu 29 Agosti, Iringa – Mafinga – Makambako – Njombe

Tumeondoka saa moja na nusu. Sikusema kitu.

Tukashuka Ipogolo, tukapanda. Tulipopita Ifunda simu ikaamka. Florida, wanakorushia, wako saa saba nyuma yetu, kwa hiyo kwao ilikuwa bado usiku wa manane, na habari ya kwanza ilikuwa ya radi. Mawingu ya radi yalikuwa karibu na uwanja wa kurushia, na kukiwa na radi hawaanzi kujaza. Wakachelewa karibu saa nzima. Baba mkubwa akaona ni sawa kabisa, na yeye hapandi paa la bati mawingu yakiwa meusi.

Kisha akauliza swali ambalo wenzangu darasani hawakuliuliza hata mmoja: "Wanajaza nini?"

Hidrojeni na oksijeni, zote zimepozwa mpaka zikawa kimiminika. Hidrojeni lita milioni mbili na ushee, oksijeni zaidi ya lita laki saba. Oksijeni inakaa nyuzi 183 chini ya sifuri, hidrojeni nyuzi 253 chini ya sifuri.

Akapunguza mwendo. Jokofu la kugandishia nyama, ambalo yeye akilifikisha nyuzi 20 chini ya sifuri anamwita mwenye duka aje aone, lilikuwa limedhalilishwa pale pale kwenye pikapu.

"Mpira gani unavumilia hiyo?"

"Mpira wa nini?"

"Wa sili, mwanangu. Wanajaza kwa bomba, si ndiyo? Bomba lina kiungo, kiungo kina sili ya kuzuia kuvuja. Kwenye baridi kila kitu kinasinyaa, na hakisinyai sawa. Chuma kinakwenda kwake, mpira kwake. Mpira gani?"

Sikujua. Tukanyamaza mpaka Mafinga.

Mafinga baridi ilikuwa ile ya kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili. Malori ya magogo ya Sao Hill yamepanga foleni, harufu ya msonobari imejaa hadi ndani ya chai. Mama aliyetupa maandazi alituuliza kwanza kama tumehesabiwa (sensa imeanza Jumanne iliyopita, na siku hizi swali hilo linakuja kabla ya salamu ya "kamwene"), kisha akamwuliza baba mkubwa kwa nini binti haachi simu. Binti alikuwa anasoma kwamba hidrojeni imevuja. Walipotoka kwenye kujaza polepole wakaingia kujaza kwa kasi, uvujaji ukaonekana kwenye kiungo kimoja chini ya roketi, pale bomba la inchi nane linapoingia.

Nilimsomea. Akapiga meza, chai ikamwagika.

"Nilikwambia!"

Hakuniambia, aliniuliza. Lakini nilimwachia.

Kitu cha kuelewa kuhusu kiungo kile ni kwamba hakikutengenezwa kikae. Roketi ikiinuka, bomba linatakiwa lichomoke lenyewe kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo sili yake inabebeshwa kazi mbili zinazogombana: izuie gesi ambayo molekuli yake ni ndogo mno, halafu iachie bila kubisha. Baba mkubwa alisema hata kapulingi ya bomba la lori la maziwa inamsumbua kwa sababu hiyo hiyo, na hapo ni maziwa tu, yenye mafuta yake mazito.

Uvujaji wa asubuhi ile waliutuliza kwa kucheza na kasi ya kujaza. Sisi tukafika Makambako, tukaiacha barabara kuu, tukakata kushoto kwenda Njombe. Mtandao ukawa wa kuja na kwenda kama mgeni asiyeamua kulala.

Saa tisa na dakika 33 alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kuruka. Wakati huo nilikuwa nimesimama juu ya jiwe nyuma ya kituo cha maziwa, mahali pekee penye vijiti viwili vya mtandao, na baba mkubwa amejilaza chini ya kompresa. Saa ikafika, roketi haijatikisika. Dakika chache baadaye mkurugenzi wa urushaji, mwanamke aitwaye Charlie Blackwell-Thompson, akaahirisha.

Sababu haikuwa uvujaji tena. Injini za chini ziko nne, na kabla ya kuwashwa lazima zipozwe kwa hidrojeni ile ile hadi karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, maana hidrojeni ya baridi ikiingia ghafla kwenye injini yenye joto inaweza kuiharibu. Tatu zilikaribia. Namba tatu ikagoma, ikabaki na joto zaidi ya wenzake.

"Injini mpya?" sauti kutoka chini ya kompresa.

"Hapana. Ziliwahi kuruka na vile vyombo vya zamani vya kwenda angani, vya shato."

"Mitumba!"

"Zimefanyiwa ukarabati, baba mkubwa."

"Mitumba si tusi. Mimi nimevaa mtumba." Akatoka, uso umejaa vumbi. "Lakini kabla hawajaifungua hiyo injini waangalie geji. Tatu zimepoa, moja haijapoa, na zote zinakunywa bomba moja? Isije ikawa geji ndiyo inayosema uongo."

Kompresa ya Njombe ilikuwa na tatizo la kiota. Ndege alijenga nyuma ya feni. Nusu saa, kazi imekwisha, tumebaki kusafisha vumbi na kubishana malipo.

Jumanne 30 Agosti, Njombe

Tumelala Njombe kwa sababu meneja wa kituo alitaka tuone maziwa ya asubuhi yakipoa. Yakapoa. Kutoka nyuzi zaidi ya 30 hadi nne, bila shida. Ukungu ulikaa mpaka saa nne.

Nimekula viazi mara tatu leo. Sina malalamiko.

Jumatano 31 Agosti, Njombe – Makambako – Chimala – Uyole

Asubuhi nimeamka na habari mbili. Ya kwanza: watajaribu tena Jumamosi, tarehe 3. Ya pili nilimpelekea baba mkubwa kama barua, nikamsomea polepole akiwa anapiga mswaki: wahandisi wanashuku kipima joto cha injini namba tatu, si injini yenyewe.

Alitema povu, akaniangalia, akarudi kupiga mswaki. Lakini njia nzima hadi Makambako alikuwa anapiga mluzi.

Baada ya Igawa barabara inakuteremsha kwenye tambarare ya Usangu na baridi inakuacha kama imekatwa kwa kisu. Tukavua masweta. Kushoto milima, kulia mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Chimala tulisimama kula, na nikamwonyesha baba mkubwa barabara ya kwenda Matamba inayopanda kwa kona hamsini na saba. Akasema anaijua, aliwahi kupandisha tenki juu kule kwenye lori, na dereva alikuwa anahesabu kona kwa sauti, na walipofika thelathini akasahau hesabu wakagombana.

Huko Chimala mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza maongezi yetu aliuliza roketi moja ni shilingi ngapi. Nikamwambia mkaguzi wa ndani wa NASA, shirika lenyewe la anga la Wamarekani, alisema mwaka huu kwamba kila safari ya hizi za mwanzo itagharimu dola bilioni 4.1. Akaomba nimgeuzie kwa shilingi. Nikaanza kuhesabu sifuri kwenye simu, akaninyooshea mkono niache.

"Na imeshindwa kuondoka kwa geji," baba mkubwa akamwambia, kwa upole, kama anayetoa taarifa ya msiba wa mtu wa mbali.

Usiku tumelala kwa shangazi Uyole.

Alhamisi 1 Septemba, Mbeya mjini

Siku ya kutafuta vifaa Mwanjelwa. Kituo cha Rungwe wamepiga simu kusema tenki lao linavuja kwenye valvu ya kutolea maziwa, kwa hiyo tunahitaji sili. Baba mkubwa ana sili moja ya mfano aliyoizoea, nyeupe, laini, inayonyooka ukiivuta na kurudi. Hatukuipata. Duka la nne wakatupa nyeusi. Kipimo ni kile kile. Akaiminya kwa kidole gumba, akaiminya tena.

"Ni ile ile, mzee," kijana wa duka akasema. "Rangi tu."

Akaiminya mara ya tatu, akanunua. Ninaandika hapa kwamba aliiminya mara tatu, isije ikahusika baadaye.

Ijumaa 2 Septemba, Uyole – Tukuyu

Kutoka Uyole unapanda mpaka Isyonje, halafu Mlima Rungwe unajitokeza upande na huondoki tena kwenye kivuli chake. Chai, migomba, manyunyu hata mwezi huu ambao Iringa vumbi linakula macho. "Ndaga," wanasema hapa, kwa asante na kwa kila kitu.

Tumefungua valvu. Sili ya zamani ilikuwa imekatika. Tumeweka nyeusi, tumekaza, tumejaza tenki maji ya bombani. Halivuji hata tone. Baba mkubwa amepaka povu la sabuni kwenye maungio ya gesi pia, hakuna hata kipovu kimoja kilichovimba. Meneja amefurahi, ametuma watu wawaambie wafugaji kwamba kesho jioni maziwa yatapokelewa.

"Kesho asubuhi nalipoza hili tenki likiwa na maji," baba mkubwa akasema. "Halafu ndiyo nitasema limepona."

Meneja alisema kupoza maji ni kuchoma umeme bure.

Jumamosi 3 Septemba, Tukuyu

Hii ndiyo siku.

Saa 6:45 mchana kwa saa za hapa walianza kujaza. Sisi tulikuwa tumewasha kompresa tangu asubuhi, maji yanashuka: nyuzi 15, nyuzi 12, nyuzi tisa. Nilikuwa na mtandao mzuri, niliegemeza simu kwenye dumu tupu na watoto wawili wa jirani wakakaa nami kuangalia. Hakukuwa na cha kuangalia, kwa kweli. Roketi imesimama inafuka mvuke mweupe. Mtoto mmoja akauliza kama inaungua. Nikamwambia hapana, ni baridi inafukuta, kama ukifungua jokofu.

Saa nane na robo hivi wakasema hidrojeni inavuja. Kiungo kile kile cha Jumatatu, ila safari hii uvujaji ni mkubwa. Kikomo chao ni asilimia nne ya hidrojeni kwenye hewa inayozunguka kiungo, kwa kuwa kuanzia hapo inaweza kuwaka, na moto wa hidrojeni huuoni kwa macho mchana. Vipimo vilipita kikomo kwa mara mbili au tatu.

Nikaenda kumwambia baba mkubwa. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya valvu, tochi mdomoni. Nyuzi sita. Tone likajikusanya chini ya valvu, likanenepa, likaanguka. Baada yake likaja jingine.

Hakusema kitu. Alitoa tochi mdomoni.

"Jana halikuvuja," nikasema.

"Jana lilikuwa na maji ya moto." Hayakuwa ya moto, yalikuwa ya bombani, lakini nikamwelewa. Sili nyeusi ilikuwa ngumu. Kwenye joto la kawaida ilijaza nafasi yake vizuri, ilipopoa ikasinyaa na haikuwa na ulaini wa kuifuata chuma.

Alikaza nati, matone yakaongezeka. Alizima kompresa, akamwagia valvu maji ya uvuguvugu kutoka kwenye birika, akasubiri, akawasha tena ili sili ikae upya. Nilirudi kwenye simu, na huko, sitanii, walikuwa wanafanya hilo hilo: wamesimamisha hidrojeni, wameacha kiungo kipate joto, halafu wanapitisha baridi kwa ghafla wakitumaini sili itakaa mahali pake. Ikashindikana. Wakajaribu kuisukuma kwa mgandamizo wa heliamu. Ikashindikana. Wakarudia njia ya kwanza. Mara tatu jumla. Ya kwetu baba mkubwa aliirudia mara mbili, halafu gesi ya jiko la meneja ikaisha na birika likabaki la baridi.

Kuanzia saa kumi na moja wafugaji wakaanza kufika. Akina mama wenye ndoo kichwani, vijana wenye madumu kwenye pikipiki. Wamepanga mstari, wanaongea, wanacheka. Meneja akamwita baba mkubwa pembeni. Sikusikia yote. Nilisikia "matone machache tu" na "kuweka beseni chini". Nilimwona baba mkubwa anatikisa kichwa. Tatizo la matone, aliniambia baadaye, si maziwa yanayotoka. Penye njia ya kutoka pana njia ya kuingia, na uchafu ukiingia kwenye ile sili unaozesha tenki zima la lita elfu mbili la watu wote.

Saa kumi na mbili na dakika 17 jioni, Florida ikiwa bado asubuhi na muda wa kuruka ukiwa saa tatu mbele, Charlie Blackwell-Thompson akaahirisha. Watu walikuwa wamejaa kwenye fukwe huko kusubiri. Jumatatu Makamu wa Rais Kamala Harris mwenyewe alikuwa amefika, akarudi bila kuona kitu.

Baba mkubwa hakuwa na kipaza sauti. Alipanda kwenye ngazi ya mlangoni, akavua kofia, akawasalimu. Akasema tenki bado, maziwa ya leo jioni hayapokelewi, kosa ni lake, sili aliyoweka siyo.

Mstari ukalalamika, tena kwa haki. Maziwa ya jioni hayasubiri. Mama mmoja alisema kwa Kinyakyusa kitu kilichofanya wenzake wacheke, na hakuna aliyetutafsiria. Mzee mmoja akauliza kwa nini fundi hakujua jana. Swali zuri. Baba mkubwa akajibu kwamba ugonjwa wa baridi huwezi kuuona mpaka uweke baridi, na mzee akasema basi ungeweka baridi jana. Hapo baba mkubwa hakuwa na jibu, akasema, "Kweli, mzee wangu. Shikamoo."

Nusu ya wafugaji waliuza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa. Sisi tulinunua lita tano. Hatukuwa na haja nazo.

Jumapili 4 Septemba, Tukuyu

Jana usiku baba mkubwa alimpigia shangazi, akamwambia atafute kisanduku alichokiacha chini ya kitanda cha wageni miaka mitatu iliyopita. Ndani ya kisanduku, ndani ya soksi, sili nyeupe mbili. Shangazi amezikabidhi kwa dereva wa Kosta ya kwanza, zimefika saa nne. Kwa nini hatukuzikumbuka tukiwa kwake Alhamisi sitauliza.

Tenki limepoa hadi nyuzi nne. Kavu. Ameligusa kwa nyuma ya mkono, kama anayempima mtoto homa. Jioni wamepokea, na yule mama aliyechekesha wenzake alikuwa wa kwanza kwenye mstari.

Huko kwa Wamarekani wameeleza kwamba jana mapema amri moja ilitumwa kimakosa ikapandisha mgandamizo kwenye bomba la hidrojeni kupita kiasi. Hawajasema kama ndiyo iliyoharibu sili. Nilimsomea baba mkubwa, akaguna.

"Mkono wa mtu," akasema. "Wamesema mapema, hiyo nzuri."

Kesho tunarudi Iringa.

Nyongeza, Jumatano 16 Novemba, Mbeya

Sikudhani ningefungua daftari hili tena. Septemba walibadilisha sili, wakaikuta ile ya zamani ina kidonda kidogo, hakifiki robo ya milimita. Tarehe 21 wakajaza kwa majaribio, ikakubali. Kisha kimbunga Ian kikaja, roketi ikarudishwa ndani. Novemba ikatolewa tena, kimbunga Nicole kikaikuta nje uwanjani.

Leo saa tatu na dakika 47 asubuhi imeruka. Nimeiona kwenye simu, nyuma ya darasa, bila sauti. Kwao ulikuwa usiku, ikaangaza kila kitu.

Mapumziko nikampigia baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa. Imeondoka."

"Marahaba. Ipi?"

"Roketi."

"Ahaa! Haikuvuja?"

"Ilivuja. Valvu ya hidrojeni, nyingine, kwenye mtambo wa kurushia. Wakatuma watu watatu wakaenda chini ya roketi ikiwa imejaa mafuta, wakakaza nati kwa mikono, ikaacha."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Nilisikia kompresa ya mtu ikinguruma nyuma yake, huko Kihesa.

"Spana namba ngapi?" akauliza.